Tulivyomshukuru chefu wa avenyu yetu angali anasikia

Kwa muda sasa watu wa avenyu za jirani, yaani mitaa ya jirani, wananipitia dukani wakiuliza tulifanyaje mpaka sherehe ya kumshukuru Papa Chefu, mzee anayeongoza avenyu yetu, ikafaulu. Mmoja anataka nakala ya barua tuliyoipeleka komini, ofisi ya serikali ya sehemu yetu ya mji, mwingine anauliza pesa ilitoka wapi, mwingine ana chefu wake mzee anayeugua na anaogopa kuchelewa. Kueleza nusu nusu kati ya mteja na mteja hakumsaidii mtu, na jambo lenyewe liko moyoni mwangu, kwa hiyo naliandika lote, pamoja na yale yaliyotuumiza.

Sisi tuko Goma, mashariki mwa Kongo, komini ya Karisimbi, upande uliopitiwa na lava ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Papa Chefu aliongoza avenyu yetu tangu kabla ya volkano ile, na hata leo ndiye. Mameya wamepita, wakuu wa komini wamepita. Mei 2021 serikali ikaweka Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa hali ya dharura, maofisa wa polisi wakakalia viti vya meya na vya komini. Yeye amebaki kwenye baraza lake, biki (kalamu) mfukoni, kaye (daftari) kwenye goti.

Chefu wa avenyu hana mshahara. Anachopata ni kitu kidogo mtu anapokuja kuomba karatasi ya makao au kumtaka awe shahidi wa kuuza kiwanja, na wengi wetu hata hicho tulikuwa hatumpi. Kazi yenyewe haina saa. Wezi wakiingia usiku na masufuria yakaanza kulia avenyu nzima, yeye anatoka na tochi. Kipindupindu kikionekana, anapita lango kwa lango kusisitiza klorini. Ebola ilipofika Goma Julai 2019, alisimama kwenye mdomo wa avenyu na ndoo ya maji ya kunawa, huku watu wakimwambia usoni kwamba amekula pesa za Ebola. Alinyamaza na kuendelea kumimina maji.

Wazo la kumshukuru lilizaliwa kwenye matanga. Chefu wa avenyu ya pili alikuwa amekufa. Waliosimama kumsifu walikuwa wengi, wengine wakitaja mambo ambayo sisi majirani hatukuwahi kuyasikia. Walipomaliza, mjane wake aliuliza, bila kupandisha sauti: "Haya maneno yote mulikuwa mumeyaweka wapi?" Tulirudi nyumbani kimya. Kesho yake tukakaa watu wachache: mwalimu, mama mmoja anayeuza soko la Virunga, seremala, kijana wa pikipiki, na mimi mwenye kaduka ka fotokopi. Kwa sababu nina kompyuta, nikawa mwandishi wa kamati.

Ugumu wa kwanza ulikuwa yeye mwenyewe. Tulienda kumwambia tukidhani atafurahi. Alitutazama mmoja mmoja akasema, "Munataka kunizika nikingali hai?" Akakataa kabisa. Ilibidi mama, mke wake, atueleze siku nyingine, akichambua sombe, majani ya muhogo: kwetu mtu huketishwa mbele na kusifiwa anapokufa, au anapoondolewa kazini. Mzee aliona mambo mawili tu, jeneza au kufukuzwa. Alifikiri kuna kijana tumeshamwandaa achukue nafasi yake.

Kwa hiyo, anayetaka kufanya jambo hili asianze na mzee, aanze na mke wake au mtoto wake mkubwa. Halafu achukue neno la chefu wa kartie, mkubwa wa machefu wa avenyu, kwamba hakuna anayeondolewa, na chefu wa kartie alitamke mwenyewe mbele ya mzee. Sisi tulipofanya hivyo, Papa Chefu alikaa muda mrefu akizungusha biki kwenye vidole, kisha akasema tufanye, lakini tusinunue suti.

Chefu wa kartie ni wa kutafutwa mapema kwa sababu nyingine pia. Chefu wa avenyu akiheshimiwa na yeye hajui, inaonekana kama watu wanamsimamisha mtu wao dhidi yake. Tulimpelekea habari kwa mdomo kwanza, kisha kwa barua. Barua ya komini ilikuja baadaye, ikieleza siku, saa, mahali, idadi ya watu tunaowategemea na majina ya wanaoitisha. Katika hali ya dharura ya wakati ule mkusanyiko wowote ulikuwa unaangaliwa kwa jicho kali, na sherehe ya furaha ingeweza kuvunjwa na askari ambao hawakuambiwa kitu. Toa kopi mbili, acha moja, na usiondoke ofisini mpaka wamepiga muhuri na tarehe kwenye ile yako. Siku ya sherehe doria ilipita kutuuliza. Kijana wa pikipiki akatoa karatasi yenye muhuri, wakasoma, wakaenda zao. Bila muhuri ule sijui tungewaeleza nini.

Halafu akaja mwanasiasa. Ilikuwa Julai 2023, kila mtu mwenye hamu ya kiti alikuwa akijipanga kwa uchaguzi wa 20 Desemba. Mmoja alituma kijana wake: atalipa viti, hema, sono (vyombo vya sauti) na vinywaji, mradi picha yake itundikwe nyuma ya meza kubwa na apewe neno la mwisho. Ilikuwa pesa nyingi kuliko zote tulizotarajia kukusanya. Tulibishana vikali, na wenzangu wawili walinuna baada ya kura kwenda upande wa kukataa. Mimi nilikataa kwa sababu najua Papa Chefu alivyoishi. Miaka yote ile hajakubali lango lake libandikwe picha ya mgombea yeyote, ili kila mtu aingie bila kujiuliza chefu ni wa nani. Kumketisha chini ya picha ya mtu kungekuwa kumtukana.

Kukataa kule kulitugharimu. Viti havikutosha, vijana wakakaa juu ya mawe, na hema lilikuwa moja dogo la wazee. Mchango ulikuwa franga 2,000 kwa kila nyumba, makusudi uwe mdogo, ili mama anayeuza makaa na mwenye duka la simu wawe sawa. Asiye nazo alileta bidon ya maji, au kuni, au mikono yake. Orodha niliibandika kwenye ukuta wa duka langu: majina ya waliochangia kwa njia yoyote, bila kiasi cha mtu, kisha jumla, kisha matumizi yote mpaka mfuko wa chumvi. Watu walikuwa wanasimama kusoma. Kilichokula zaidi ni mbuzi, zaidi ya dola 80, na kukodi sono. Bia hatukununua, na hapo pia kuna waliolalamika.

Lakini sehemu iliyo na uzito kwangu ni nyingine. Mwalimu alitushauri tusiandike hotuba za "mtu mwema, baba wa wote", maana maneno hayo yanamfaa mtu yeyote. Tupite nyumba kwa nyumba na swali moja: alikufanyia nini, mwaka gani, mahali gani? Tuliandika kila jibu kwenye kipande cha karatasi. Nilidhani tutapata hadithi chache za kutosha jioni moja. Tulipata maisha ya avenyu nzima.

Baba mmoja alisimulia mwaka 2002. Lava ilipopoa kidogo, watu walirudi kutoka Gisenyi wakakuta mawe meusi yamefunika kila kitu, kuta zimemezwa, miti imekwisha, njia hazionekani. Hakuna aliyejua kwake kunaanzia wapi. Wenye nguvu walikuwa wameanza kupanga mawe na kujipimia. Papa Chefu, ambaye nyumba yake pia ilikuwa chini ya mawe, alikuwa amekimbia na makaye yake yamefungwa kwenye nailoni, kabla ya kubeba nguo. Ndani yake aliandika viwanja vyote kwa hatua: kutoka kona ya kanisa mpaka kwa fulani, kutoka kwa fulani mpaka kwa jirani. Kona ya ukuta wa kanisa ilikuwa bado imetokeza juu ya lava. Akachukua kamba, akaifunga mafundo kwa kipimo cha hatua zake, akaanza pale. Baba yule alisema mawe yalikuwa yangali na joto, soli za viatu zinalainika, na mzee anahesabu kwa sauti huku wenye viwanja wanamfuata nyuma. Kila alipofika mpaka aliita pande zote mbili, wakapiga alama ya chokaa wakiwa pamoja. Nyumba zetu nyingi zimesimama kwenye mistari ile ya chokaa.

Mama mmoja alileta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, kimehifadhiwa kwenye plastiki. Sheria ya familia inampa mzazi siku 90 kuandikisha mtoto bure. Zikipita, lazima mahakama itoe hukumu, na hukumu inakula pesa na miguu. Papa Chefu akisikia mtoto amezaliwa anaandika tarehe, na kabla siku hazijaisha anabisha langoni: "Mama, karatasi ya mtoto iko wapi?" Mara nyingine alikuwa anawakusanya akina mama kadhaa na kwenda nao komini kwa miguu, ili wasizungushwe ofisi moja baada ya nyingine. Mtoto yule sasa yuko chuo kikuu. Mama alisema wenzake wa avenyu nyingine walipoombwa cheti shuleni walilia.

Na Mei 2021. Volkano ililipuka tena jioni ya tarehe 22, lava ikasimama pembeni ya mji, lakini tarehe 27 ikatolewa amri ya kuondoka katika kartie 10 za Goma, yetu ikiwemo. Mji mzima ulikuwa barabarani, wengine wanaelekea Sake na Minova, wengine Rwanda, wengine Rutshuru. Papa Chefu alisimama kwenye mdomo wa avenyu akiandika kila familia inavyotoka. Niliuona ukurasa ule: "Muuza samaki, watu 6, Minova, simu hakuna." "Kipofu na mjukuu, chukudu (baiskeli ya mbao), Sake." "Watoto 2, peke yao, wameshikwa na mama wa nyumba ya kijani, Sake." Mama wa wale watoto wawili alikuwa amekwama upande wa pili wa mji. Alipopata simu, alimpigia chefu kabla ya mtu mwingine, na chefu akamsomea mstari huo.

Siyo kila nyumba ilikuwa na sifa. Kuna familia ilishindwa katika mgogoro wa mpaka, na hadi leo inaamini chefu aliegemea upande wa mwenye pesa. Wenzangu walitaka tuiruke. Nilienda na mwalimu, tukakaa, tukasikiliza mpaka mwisho. Hatukubishana nao wala hatukuwaahidi kitu. Nilipomwambia Papa Chefu kwamba tumewatembelea, alisema, "Mulifanya vizuri. Ile kesi inaniuma na mimi." Hawakuja kwenye sherehe, na ninaona walikuwa na haki ya kutokuja. Ila mtu akituambia tumemheshimu mzee bila kujua habari zake zote, tunaweza kumjibu kwamba tulikwenda.

Zawadi nayo ilitusumbua. Wengine walitaka avenyu ipewe jina lake, lakini jina la barabara hubadilishwa na mamlaka ya mji, siyo na kamati ya majirani, na tungeingia mlolongo usio na mwisho. Wengine walitaka bahasha. Bahasha ingekwisha wiki ile ile, na ingewapa watu la kusema. Mama, mke wa chefu, ndiye aliyetufungua macho tena: mzee anaandikia kwenye goti na magoti yanamuuma, na makaye yako kwenye kifurushi chini ya kitanda, mende wameshayaanza. Basi seremala akatengeneza meza yenye droo na kiti cha kuegemea, tukanunua sanduku la chuma lenye kufuli, na mimi nikaomba nipige fotokopi za makaye yote.

Hapo nilijifunza jambo ambalo wengine wasilipuuze. Makaye ya chefu yana siri za watu: nani alimpiga mke, binti wa nani alitoroka, nani alikamatwa akarudishwa. Kabla sijagusa ukurasa, Papa Chefu alikaa nami dukani jioni nyingi akitenganisha. Viwanja, vizazi, vifo, orodha za 2021, orodha ya wakimbizi wa vita waliopokelewa kwenye nyumba zetu badala ya kwenda kambi za Bulengo au Kanyaruchinya, hizo tulipiga. Magomvi ya nyumba aliyarudisha kifuani kwake. "Haya nitakufa nayo," alisema. Kurasa za zamani zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Tulizifungua kwa kisu cha siagi, taratibu, na nyingine hazikusomeka tena. Wino na karatasi nilitoa mimi, wala sikutaka kurudishiwa. Seti moja iko kwake sandukuni, nyingine tumeiweka mahali pengine, mbali na avenyu yetu, kwa kuwa volkano haituambii itapita wapi.

Sherehe ilikuwa Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya usafi ya watu wote, njia ikiwa imefagiliwa na watu wote wako nyumbani. Tulipanga chefu wa kartie azungumze kwanza, na mgeni wa komini akichelewa tusimsubiri. Alichelewa kweli, alipofika tukampa nafasi katikati na hakukasirika. Kila shahidi alisoma karatasi yake, akianza na mwaka. Hii ilizuia hotuba ndefu kuliko saa yoyote ya mkononi. Baba wa 2002 alileta kipande cha kamba, siyo ile yenyewe, ila alifunga mafundo kuonyesha watoto. Watoto wakaanza kupima uwanja, mzee akawa anawasahihisha hatua kutoka kwenye kiti chake kipya.

Mama, mke wa chefu, tulimpa kitenge na tukampa kipaza sauti. Nilisikitika baadaye kwamba kulikuwa na watu walioona ajabu. Ni yeye anayefungua lango saa nane za usiku. Binti yao mkubwa aliposimama alisema neno ambalo halikuwa kwenye programu: kwamba wamekula chakula kilichopoa maisha yao yote, kwamba siku ya mtihani wake wa mwisho wa sekondari baba alikuwa amekwenda kutenganisha watu wanaogombana, na kwamba leo amesikia kwa mara ya kwanza alikokuwa akienda. Hakusema kama amemsamehe. Tuliacha hivyo, na wimbo wa kwaya ukafuata.

Papa Chefu mwenyewe hakujizungumzia. Alitoa karatasi akasoma majina ya viongozi wote wa nyumba kumi kumi waliofanya kazi naye wakafa: wa 2002, wa kipindupindu, mmoja aliyepigwa na wezi. Baada ya kila jina alisema nyumba yake ilikuwa wapi, na watu wa nyumba ile wakasimama. Wengine walikuwa hawajui kwamba babu yao aliwahi kuitumikia avenyu. Kama kuna kitu ningefanya mapema zaidi, ni kumwuliza majina hayo, tukawaandalia viti wajane wao mbele.

Tangu siku ile kuna binti mmoja wa avenyu, amemaliza shule na hajapata kazi, anakaa na mzee asubuhi tatu kwa wiki akijifunza kuandika kaye. Mzee ndiye aliyemchagua, kwa hiyo ile hofu ya kuondolewa imepungua. Barua nyingine, ya kuomba chefu wa avenyu apewe angalau kitu cha mwezi, na karatasi na biki, tuliipeleka komini na ikapigwa muhuri. Jibu halijaja. Sasa tunaiandika upya, na avenyu za jirani zimekubali kuweka sahihi zao pamoja nasi.